Bastola kwa mzee: Mkono uamue, si ukubwa wa risasi

THIKA na Ruiru si miji ile iliyozungukwa na mikahawa ambayo wazee wake waliijua wakiwa vijana. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 490,000 mjini Ruiru, kutoka takriban 238,000 mwaka wa 2009. Tangu barabara kuu ya Thika izinduliwe mwaka wa 2012, nyumba za kupangisha zimeota kila upande, na pamoja nazo hofu ya mstaafu anayekusanya kodi na kulala peke yake. Kwa mwenye leseni, bastola huonekana kuwa kinga. Lakini ni bastola gani mkono wa miaka 70 utaiweza?

Wengi hudhani ni ile ndogo na nyepesi. Dhana hiyo inapotosha. Bastola inapofyatuliwa huusukuma mkono nyuma, na kadiri ilivyo nyepesi ndivyo msukumo unavyozidi kuuma. Ceska aina ya CZ 75, iliyoundwa kwa chuma na yenye uzito wa takriban kilo 1, hupunguza makali ya risasi ya milimita 9. Rivolva isiyofika nusu kilo humwachia mwenye baridi yabisi maumivu yote, na anayeogopa maumivu hukosa shabaha.

Aidha, kuna suala la springi. Ili risasi ya kwanza iingie, sehemu ya juu ya bastola lazima ivutwe nyuma kwa nguvu. Hata baadhi ya bastola zinazotumia risasi fupi ya milimita 9, ambayo ni hafifu kuliko ile ya kawaida, zina springi ngumu kupita zile kubwa. Rivolva haihitaji kuvutwa hivyo, ila kifyatulio chake huweza kudai nguvu ya takriban kilo 5 kwa kidole kimoja. Kwa hivyo, mzee aijaribu silaha kwa mikono yake katika uwanja wa shabaha kabla ya kuinunua.

Kuhusu risasi, zile za nguvu ya kawaida zinatosha. Zilizoongezwa baruti huzidisha msukumo na kishindo bila kumsaidia asiyelenga vyema. Isitoshe, risasi ya milimita 9 hupenya mabati na mbao kwa urahisi. Katika ploti za Ruiru, ng'ambo ya ukuta kuna kitanda cha mtoto wa jirani.

Sheria nayo haitambui uzee kuwa udhuru. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, humtaka mwombaji awe na sababu ya kutosha, na huweka kikomo cha risasi anazoweza kumiliki. Mwaka wa 2019 serikali iliwataka wamiliki wote wahakikiwe upya. Nacho kifungu cha 17 cha Sheria ya Adhabu huruhusu kujikinga kwa nguvu inayolingana na hatari tu. Kumpiga risasi mwizi anayetoroka ni jambo jingine kabisa.

Hivyo basi, mzee ambaye macho yamefifia, mikono inatetemeka au kumbukumbu inapotea hana bastola inayomfaa. Mlango imara, taa ya nje na simu ya jirani vitamlinda vyema zaidi kuliko silaha ambayo mwizi ataigeuza yake.