Neno 'isipokuwa' na hatima ya akiba zetu

Anayepanda matatu katikati ya jiji la Nairobi kuelekea Kangemi hupita kando ya majumba marefu ya vioo yaliyojipanga katika barabara ya Waiyaki Way. Ndani ya baadhi ya majumba hayo zimo ofisi za kampuni kubwa kubwa za ukaguzi wa hesabu. Abiria huyatupia jicho, akaendelea na safari yake. Hapana anayemwambia kwamba usalama wa akiba yake benki, au wa hisa chache alizonunua kwa jasho lake, hutegemea kwa kiasi kikubwa sentensi moja inayoandikwa humo kila mwaka.

Mimi si mhasibu. Kazi yangu ni kufundisha isimu, na hesabu niliziaga shuleni bila majuto. Hata hivyo, sentensi hiyo ninayoitaja ni lugha, na mwanaisimu ana haki ya kuitazama. Mkaguzi hasemi kwamba kampuni ni nzuri au mbaya. Husema tu kwamba, kwa maoni yake, hesabu zilizotayarishwa na wakurugenzi zinaonyesha hali ya kampuni kwa ukweli na kwa haki. Akiona kasoro kubwa ambayo haijaziharibu hesabu zote, huongeza neno moja: isipokuwa. Kisarufi, neno hilo ni kitenzi kikanushi kilichogeuka kikawa kiunganishi. Katika biashara, neno hilo ni king'ora.

Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani, aliyeiacha lugha akaingia katika uhasibu, aliwahi kunisimulia habari za kikao alichohudhuria. Mteja hakubishana sana juu ya tarakimu. Alasiri nzima iliishia katika ubishi juu ya neno hilo moja: je, haliwezi kuondolewa? Haliwezi kupelekwa katika maelezo ya ukurasa wa nyuma? Halina kisawe kilicho laini zaidi? Ulikuwa mwezi wa Machi, na siku ya kuchapisha hesabu ilikuwa imekaribia. Mteja akakumbusha, kwa upole mwingi, kwamba mkutano wa kumteua mkaguzi wa mwaka uliofuata ulikuwa umekaribia pia. Neno lilibaki. Mteja hakubaki.

Hapo, msomaji mpendwa, ndipo ulipo mzizi wa fitina. Kisheria, mkaguzi ni mtumishi wa wenyehisa, na ana haki ya kuvifikia vitabu vya kampuni wakati wowote. Kwa hakika ya mambo, jina lake hupendekezwa na wakurugenzi, ada yake hujadiliwa na wakurugenzi, na maswali yake hujibiwa na watu walioajiriwa na wakurugenzi. Wahenga walituonya tusimpe nyani kesi ya ngedere aihukumu. Sisi tumefanya zaidi ya hayo: tumemwacha ngedere amchague hakimu na kumlipa mshahara.

Haya si maradhi ya Kenya pekee. Kampuni ya Enron ya Marekani ilipoanguka mwaka 2001, ilidhihirika kwamba wakaguzi wake, Arthur Andersen, walikuwa wakilipwa na mteja huyo mamilioni ya dola kwa ukaguzi, na mamilioni mengine kwa ushauri. Mwaka uliofuata Wamarekani walitunga sheria iliyowakataza wakaguzi kuyauzia makampuni wanayoyakagua aina nyingi za ushauri.

Tuje nyumbani. Tarehe 13 Oktoba 2015 Benki Kuu ya Kenya iliiweka Imperial Bank, yenye makao yake Westlands, chini ya mrasimu. Mkurugenzi mkuu wake alikuwa amefariki mwezi uliotangulia, na baada ya kifo chake ndipo yalipofichuka madai ya udanganyifu wa mabilioni ya shilingi uliodumu kwa miaka mingi. Katika miaka hiyo yote benki ilichapisha hesabu zilizokaguliwa, nazo zilionyesha faida. Wiki chache tu kabla ya kufungwa, ilikuwa imewauzia wawekezaji hatifungani za shilingi bilioni 2. Ikiwa wakaguzi walidanganywa au walizembea, hilo ni la mahakama kuamua, mimi sihukumu. Ninachosema ni kwamba neno 'isipokuwa' halikumfikia mwenye akiba kwa wakati. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Miezi sita baadaye ikawa zamu ya Chase Bank, iliyokuwa na makao yake Riverside Drive, si mbali na hapo. Benki hiyo ilichapisha hesabu zake za mwaka 2015, kisha baada ya siku chache ikazichapisha upya, na mikopo iliyopewa wakurugenzi na watu wa ndani ikawa imeongezeka kwa mabilioni. Safari hii wakaguzi walikuwa wameyatoa maoni yao kwa masharti. Uvumi ukaenea katika simu za mkononi, wateja wakakimbilia fedha zao, na tarehe 7 Aprili 2016 milango ikafungwa.

Kuna watakaosema: unaona sasa? Mkaguzi alifungua kinywa, benki ikaanguka. Hoja hii ina uzito, nami siidharau. Neno la mkaguzi laweza kuwadhuru hata wasio na hatia, wakiwamo karani na mwenye duka la rejareja aliyeweka humo mauzo yake ya juma. Lakini tuitazame miaka iliyofuata. Chase Bank ilifunguliwa tena mwezi huohuo wa Aprili chini ya usimamizi wa benki ya KCB, na mwaka 2018 sehemu kubwa ya amana ikahamia benki ya SBM. Wateja wa Imperial Bank walilipwa kwanza kiasi kisichozidi shilingi milioni 1 kila mmoja, wengi wakaendelea kungoja salio, na mwaka 2021 benki yao ikaingia katika ufilisi. Sidai kwamba neno moja ndilo lililoleta tofauti yote hiyo. Nadai kwamba shimo linalotajwa mapema huwa dogo kuliko shimo linalofunikwa kwa majani kwa miaka kumi.

Ugumu wa mkaguzi haukomei kwenye ada. Hawezi kuitazama kila stakabadhi. Huchagua baadhi na kuzipima. Vijana anaowatuma kuhesabu mali ghalani mara nyingi ndio kwanza wametoka chuoni, na muda wanaopewa ni mfupi. Stakabadhi wanazoletewa huletwa na yuleyule anayetiliwa shaka. Na kikulacho ki nguoni mwako: udanganyifu unaopangwa na mkuu wa kampuni mwenyewe ndio mgumu kuliko wote kuunasa.

Kuna pia woga wa maneno. Mwishoni mwa mwaka 2018 Profesa Mussa Assad, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali wa Tanzania, alisema katika mahojiano ya redio ya Umoja wa Mataifa kwamba taarifa zake zisipofanyiwa kazi, huo ni udhaifu wa Bunge. Kwa neno hilo 'udhaifu' aliitwa kujieleza mbele ya kamati ya Bunge mnamo Januari 2019. Alijitetea kwamba ni neno la kawaida katika kazi yake. Mwezi wa Aprili Bunge likaazimia kutofanya kazi naye, na kufikia Novemba mtu mwingine alikuwa ameshika wadhifa huo. Ikiwa mkaguzi anayelindwa na Katiba aliweza kuyumbishwa kwa nomino moja, itakuwaje kwa yule ambaye mkataba wake hufufuliwa kila mwaka kwa hisani ya anayemkagua?

Basi tufanye nini? Kwanza, kwa benki na makampuni yanayokusanya fedha za umma, ada ya mkaguzi na uteuzi wake viondolewe mikononi mwa wakurugenzi. Benki Kuu tayari humwidhinisha mkaguzi wa kila benki. Haitakuwa ajabu ikimteua na kumlipa kutoka katika mfuko unaochangiwa na benki zote. Pili, mkaguzi anayeachwa baada ya kutoa maoni yenye masharti atakiwe kuwaeleza wenyehisa kwa kinywa chake, mkutanoni, kilichotokea.

Tatu, na hili ndilo linalonihusu zaidi, sentensi hiyo iandikwe pia kwa Kiswahili. Katiba ya 2010 yasema kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Hata hivyo, hesabu za benki huchapishwa magazetini kwa Kiingereza kizito na kwa herufi ndogo mno. Onyo asiloweza kulielewa anayeonywa si onyo. Wateja wangekuwa wamezoea kusoma maoni ya mkaguzi mwaka hata mwaka, wangejua kupambanua ufa na bomoko, wala wasingengoja uvumi wa simu uwafunze kusoma.

Jukumu letu nasi lipo. Katika mikutano ya mwaka ya vyama vyetu vya akiba na mikopo, sisi wanachama huuliza habari za gawio, tukala chakula cha mchana, tukaenda zetu. Mwaka huu na tuufungue ukurasa wa mkaguzi kabla ya kuuliza gawio. Tulitafute lile neno dogo. Tukilikuta, tuulize sababu yake. Na tukiona mkaguzi amebadilishwa, tuulize kwa sauti kubwa zaidi.