Mtoto Anayehara Asinyimwe Maji

Liko neno moja ambalo husemwa kwa upendo, na madhara yake yapita madhara ya nyoka. Neno lenyewe ni hili: "Msimpe mtoto maji, mtamzidishia kuhara." Husemwa na watu wazima wenye heshima zao, husemwa kando ya kitanda cha mgonjwa, na aghalabu hapana anayelipinga. Napenda kulipinga hapa mbele ya wanafunzi, kwa kuwa wao wanayo silaha ya kulishinda, nao wameiacha ipate kutu madaftarini.

Kwanza tuwasikilize walinenao, maana si haki kumhukumu mtu kabla ya kusikia hoja yake. Wao husema kwamba mtungi ukivuja, mwenye akili haongezi maji. Huuacha mtupu mpaka utengenezwe. Tumbo la mtoto, wasema, ni mtungi uvujao. Lisipotiwa kitu halitatoa kitu. Hoja hii ina sura ya akili, lakini ni sura tu. Mtungi mtupu haudhuriki. Waweza kukaa pembeni mwaka mzima ukabaki mtungi. Mtoto aliyekauka hufa. Afadhali wangalimlinganisha na mtama. Hapa Siakago, katika nchi ya Mbeere ijuayo jua kali, kila mkulima ameona mtama ukisinyaa mvua inapokatika. Je, yuko mkulima asemaye, "Jua linalinyang'anya shamba langu maji, basi na mvua isinyeshe"? Hayuko. Lakini mkulima huyo huyo, arudipo nyumbani, hunena neno kama hilo juu ya mwanawe.

Kimwuacho mtoto anayehara, mara nyingi, ni kupungukiwa na maji na chumvi mwilini. Macho huingia ndani, machozi hukauka, mkojo hupungua, na ngozi ya tumbo ikifinywa huchelewa kurudi mahali pake. Akiba ya maji ya mtoto mchanga ni ndogo, naye aweza kuishiwa katika muda wa saa chache. Amnyimaye maji wakati huo anausaidia ugonjwa.

Wala haya si maneno ya kubahatisha. Mwaka 1960 mtaalamu Robert Crane alieleza jinsi sukari na chumvi zinavyopita pamoja katika ukuta wa utumbo, na maji hufuata nyuma yao. Mwaka 1968, huko Dhaka, waganga David Nalin na Richard Cash walionyesha kwamba wagonjwa wa kipindupindu waweza kurudishiwa maji kwa kunywa. Kisha ikaja vita ya mwaka 1971, na wakimbizi wengi mno wakajaa kambini Bangaon, nchini India. Maji ya kutiwa mshipani yalipokwisha, Daktari Dilip Mahalanabis aliagiza chumvi na sukari zichanganywe katika maji, akawapa jamaa za wagonjwa wawanyweshe wenyewe. Vifo vilivyokuwa kadiri ya watu 30 katika kila 100 vilishuka chini ya 4. Tazameni: walionywesha walikuwa mama, baba na ndugu, wenye vikombe mikononi. Mwaka 1978 gazeti la waganga liitwalo Lancet likasema kwamba huenda uvumbuzi huo ndio mkubwa kupita wote wa uganga katika karne ile.

Wapo wengine ambao hawakatazi maji, bali hupuuza ugonjwa. "Anaota meno tu," husema, wakangoja. Meno huota katika umri ule ule ambao mtoto hutambaa na kutia kinywani kila akiokotacho. Meno husingiziwa, na uchafu huenda huru.

Wengine watauliza: "Maji yetu twayachota katika mchanga wa mto mkavu, je, hayo nayo tumpe?" Swali hili ni la haki, kwani maji machafu ndiyo aghalabu huleta kuhara. Jawabu ni kuyachemsha na kuyafunika, siyo kumwacha mtoto na kiu. Mikono na ioshwe kwa sabuni baada ya choo na kabla ya chakula. Tena, tangu mwaka 2014 watoto wa Kenya hupewa chanjo ya matone ya kuzuia virusi vya rota, ambavyo huharisha watoto wachanga. Mtoto asikoseshwe haki yake hiyo.

Kazi yenyewe ni nyepesi. Vipakiti vya chumvi na sukari hutolewa katika zahanati na hospitali. Kipakiti kichanganywe na maji kwa kipimo kilichoandikwa juu yake. Kikikosekana, chukueni lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vimepigwa sawasawa visiwe na kilima. Chumvi isizidi, maana ikizidi hudhuru. Mtoto aliye chini ya miaka 2 apewe robo hadi nusu ya kikombe kila aharapo, kidogo kidogo kwa kijiko. Akitapika, ngojeni dakika 10, mwanze tena polepole. Anyonyaye aendelee kunyonya, na alaye aendelee kula. Zahanati humpa pia vidonge vya zinki vya siku 10 hadi 14. Lakini akitoa damu, akishindwa kunywa, akilegea au akishikwa na degedege, apelekwe hospitali mara moja, na kama aweza kumeza, anyweshwe njiani.

Sasa narudi kwenu, vijana. Mwanafunzi wa sekondari aweza kuchora utumbo mwembamba na kueleza jinsi maji yapitavyo, akapata alama zote. Jioni hurudi nyumbani, humkuta mdogo wake anahara na kikombe kimefichwa, naye hunyamaza, ati asije akawakosea adabu wakubwa. Adabu gani hiyo, inayomlinda mkubwa asiaibike na kumwacha mdogo afe? Hakuna akuambiaye ubishane na mzee. Sema kwa upole: "Nyanya, zahanati wameagiza anyweshwe kwa kijiko. Nishikie mtoto, nami nitampa." Mzee mwenye kumpenda mjukuu wake hatakataa kumshika.

Elimu inayoishia katika chumba cha mtihani ni mzigo wa bure. Kilo ya sukari, chumvi kidogo na sufuria ya maji yaliyochemka hupatikana katika nyumba nyingi za Mbeere. Kinachokosekana ni mtu wa kusema. Semeni.