PHP Haijakufa, Kinachokufa ni Bando Lako

Wasee wa Ndhiwa, Rodi Kopany, Mirogi, Awendo na Homa Bay mjini, leo tugombane kidogo.

Kuna kijana amemaliza kidato cha nne, ana simu na hamu ya kujifunza kutengeneza tovuti. Anauliza, "Nianze na lugha gani ya programu?" Ukimjibu PHP, anacheka. Ati amesikia TikTok kwamba PHP ilikufa kitambo. Sawa. Sasa muulize ameandika nini tangu asikie hiyo habari. Kimya. Ametazama video kumi za "lugha bora ya kuanza nayo", bando limeisha, na hana hata ukurasa mmoja unaomsalimia mtu kwa jina.

Mimi nasema hivi: kwa mtu anayeanza hapa kwetu, mwenye simu ama laptopu ya mtumba na bando la kuhesabu, PHP ndiyo njia fupi kabisa ya kutoka kwa wazo hadi kitu ambacho jirani yako atakitumia. Anayekwambia uikimbie kabla hujaijaribu anakuuzia fasheni tu.

Tuifunue hiyo maiti

PHP ilianzishwa mwaka wa 1994 na Rasmus Lerdorf, jamaa aliyezaliwa Greenland, akitaka kusimamia ukurasa wake mwenyewe. Aliitoa kwa umma Juni 1995. Yaani ina umri mkubwa kuliko wengi wenu mnaosoma hapa.

Leo Wikipedia inaendeshwa kwa PHP. WordPress, iliyotoka mwaka wa 2003 na inayobeba zaidi ya theluthi moja ya tovuti zote duniani, ni PHP. Facebook ilianza kwa PHP mwaka wa 2004. Moodle, ile programu ya masomo ya mtandaoni ambayo vyuo vikuu vingi vya Kenya hutumia, ni PHP pia. Kama hii ni maiti, basi ni maiti inayolisha wafiwa wote.

Wanaoitukana hawajatunga kila kitu, nakubali. PHP ya zamani ilikuwa na uchafu wake, na bado majina ya amri zake mengine hayana mpangilio. Lakini PHP 7 ilitoka mwaka wa 2015, PHP 8 ikafuata mwaka wa 2020, na mambo yakabadilika sana. Wengi wanatukana lugha ambayo hawajaifungua kwa miaka kumi na tano. Ni kama kukataa kupanda gari la Sori leo kwa sababu babu yako aliwahi kukwama kwa matope.

Pesa ndiyo hoja

Tuongee ukweli wa mfuko. Ile nafasi ya bei rahisi ya kuweka tovuti inayouzwa na kampuni nyingi hapa Kenya iko tayari kwa PHP. Unapakia faili zako, unafungua anwani, kitu kinafanya kazi. Hakuna kukodi mashine nzima na kuisimamia usiku.

Na huhitaji laptopu ili kuanza. Kwenye Android weka Termux, andika `pkg install php`, kisha `php -S localhost:8000` ukiwa ndani ya folda yako. Hiyo ni seva, iko mfukoni mwako. Ukishaiweka, zima data. Fungua brauza ya simu yako, nenda `localhost:8000`, uone kazi yako bila kutumia hata kilobaiti moja. Kitabu rasmi cha maelezo pia kinapakuliwa chote kutoka php.net, unakisoma stima ikipotea na mtandao ukienda nayo. Mwenye laptopu aweke XAMPP, nayo databesi itakuja humo humo.

Niambie sasa, ni wapi kwenye mpango huu unahitaji kulipa ada kubwa ya "kozi ya wiki mbili na cheti"? Cheti hakijawahi kufungua fomu. Mzazi ameuza kuku, wewe unarudi nyumbani na karatasi yenye muhuri na huwezi kuhifadhi jina moja kwenye databesi. Huo ni wizi wenye risiti.

Fomu kwanza, mbwembwe baadaye

Kosa la pili linaloua wanaoanza ni haraka. Mtu hajui fomu inatuma nini, tayari anapakua Laravel. Laravel ni kazi nzuri ya Taylor Otwell, imekuwepo tangu 2011, na utaifikia. Lakini ukianza nayo utanakili amri usizozielewa, na siku kosa la kwanza likitokea utabaki kutoa macho.

Anza hivi, kwa mpangilio huu. HTML kidogo, siku chache tu. Kisha fomu yenye jina na namba ya simu. Kisha `$_POST` ipokee, `echo` ionyeshe. Kisha `if`, kisha `foreach` ya kupitia orodha. Kisha databesi yenye jedwali moja: kuongeza, kusoma, kubadilisha, kufuta. Hizo nne ukizimudu, umeshika uti wa mgongo wa karibu kila mfumo wa ofisi unaoujua.

Usijenge "Facebook ya Afrika". Hii ni nchi ya miwa. Sukari Industries iko hapa Ndhiwa, SONY Sugar iko upande wa Awendo. Mkulima anangoja miwa yake zaidi ya mwaka, halafu karatasi za mizani anazificha kwenye bahasha chini ya godoro. Mjengee kitu kidogo: jina la shamba, tarehe ya kuvuna, tani, pesa iliyolipwa, pesa inayodaiwa. Ama chukua daftari la chama cha mama yako uligeuze kuwa ukurasa. Ukijengea mtu unayemjua, atakwambia papo hapo kama kazi yako ni bure. Video haiwezi kukwambia hivyo.

Kuna video za kufunga mara moja

Ukiona mwalimu wa YouTube anaandika `mysql_connect`, funga. Amri hiyo iliondolewa kwenye PHP 7. Utalia usiku kucha ukidhani wewe ndiye mjinga, kumbe somo lenyewe limeoza.

Ukiona anahifadhi paswadi kwa `md5`, funga. Tumia `password_hash` kuhifadhi na `password_verify` kukagua.

Ukiona anachukua alichoandika mtumiaji na kukibandika moja kwa moja ndani ya amri ya databesi, funga na ukimbie. Mtu mwenye nia mbaya ataandika vipande vya amri kwenye nafasi ya jina, na databesi itamtii yeye badala yako. Dawa yake ni PDO na `prepare`: unaandika amri kwanza, data inaingia baadaye ikiwa data tu. Na chochote cha mtumiaji unachokionyesha kwenye ukurasa, kipitishe kwenye `htmlspecialchars`.

Usiniambie hayo ni ya wataalamu. Chama cha mama yako kina majina, namba za simu na madeni ya watu. Vikivuja, soko zima litajua nani anadaiwa na nani. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019, na hata kabla ya sheria kuna aibu. Usalama ni somo la wiki ya kwanza.

"Lakini AI itaniandikia"

Itakuandikia, ndiyo. Swali ni kama utajua imeandika nini. Sheria yangu ni rahisi: itumie ikueleze kosa, isikufanyie kazi yote. Ikikupa mistari ishirini, isome, ifute, iandike tena bila kuangalia. Ukishindwa, bado hujajifunza, umeazima tu.

"Kazi za Nairobi zinataka JavaScript na Python"

Hoja ya kweli, nisiikwepe. JavaScript utaihitaji hata ukiwa na PHP, kwa sababu ndiyo inayofanya kazi ndani ya brauza. Python ni tamu kwa mambo ya data. Jifunze zote mbili ukifika huko. Lakini ukishaelewa fomu, mzunguko na databesi kwa lugha moja, ya pili unaisoma kwa nusu ya jasho. Anayerukaruka lugha kila mwezi hana hata moja.

Na kabla ya Nairobi, kuna kazi hapa. Daraja ya Safaricom inakuwezesha kuunganisha mfumo wako na M-Pesa, na ina uwanja wa majaribio. Ila shika hili, limegharimu watu: ukituma ombi la malipo, jibu la kwanza linasema tu ombi limepokelewa. Mteja bado hajaweka PIN! Ngoja jibu la pili litakalotumwa kwenye anwani yako, uhakikishe `ResultCode` ni 0, ndipo umpe bidhaa.

Africa's Talking, kampuni iliyoanzia Nairobi, inakupa USSD. Faili moja ya PHP inasoma alichobonyeza mtu kisha inajibu kwa maneno yanayoanza na `CON` kama mazungumzo yanaendelea, ama `END` kama yamekwisha. Kwa hiyo mama mwenye kabambe, asiye na bando wala simu ya kuteleza, anaweza kuuliza salio lake la chama. Nionyeshe kitu kingine ambacho mwanafunzi wa miezi michache anaweza kujenga na nyanya yake akakitumia siku hiyo hiyo.

Sasa kazi

Siku saba, bila kozi na bila kutafuta tena "lugha bora". Siku ya kwanza, ukurasa unaosalimia. Siku ya tatu, fomu inayohifadhi jina. Siku ya saba, orodha ya watu kumi wa kweli, waliokubali, inayosomeka, kubadilishwa na kufutwa bila kuvuja.

Ukimaliza, weka picha ya skrini hapa chini, lakini ficha namba za watu. Ukikwama, bandika maneno ya kosa lenyewe, usiandike tu "haifanyi kazi". Tutasaidiana.

Na wewe unayekuja kuandika "PHP imekufa", karibu pia. Ila kwanza tuonyeshe ulichojenga.