Gari Linapokunywa Maji Kila Siku

 Mwezi huu tunaweka kando kidogo habari za lishe na chanjo, tuzungumze jambo ambalo wengi wetu tumezoea kuwaachia akina baba na mafundi: gari linalopoteza maji. Huenda mtauliza, muuguzi na rejeta wapi na wapi? Sababu zetu ni mbili.

Kwanza, fedha za spea hutoka katika mfuko ule ule unaotoa ada ya shule, unga na sabuni. Pili, huku kwetu gari la nyumba moja huwa gari la kijiji kizima uchungu unapomshika mama usiku. Mwaka 2022 serikali ilianza kuueneza nchi nzima mpango wa m-mama. Mjamzito au mtoto mchanga mwenye dharura huombewa usafiri kwa kupiga namba 115, na pale ambapo gari la wagonjwa halipatikani, huitwa dereva wa jamii aliyesajiliwa na gari lake. Mama anayetokwa damu nyingi baada ya kujifungua aweza kufariki ndani ya saa mbili. Gari likichemsha katikati ya pori kabla ya kufika Kaliua au Urambo, saa hizo mbili huishia kando ya barabara.

Tangu zamani anayesafiri njia hii huuliza maji kwanza. Wapagazi wa misafara iliyotoka Tabora kwenda Ujiji walipaswa kujua ni wapi watapata maji kabla ya kubeba mizigo. Reli ilipofika Kigoma mwaka 1914, treni za mvuke nazo zilisimama vituoni zikanywa. Gari la leo halipaswi kunywa njiani. Maji yake huzunguka humo humo, na likidai kuongezwa kila siku, lina jeraha mahali fulani.

Maji yanafanya kazi gani?

Injini inapofanya kazi hutoa joto kali. Maji hulibeba joto hilo na kulipeleka kwenye rejeta, upepo wa feni huyapoza, kisha hurudi tena. Kinachoyasukuma ni pampu ya maji, ile ambayo mafundi huiita wota pampu. Tunaweza kusema ndiyo moyo wa gari. Huzungushwa na mkanda, mhimili wake hushikwa na beringi, na sili huzuia maji yasitoke nje.

Mfuniko wa rejeta nao tusiudharau. Tabora iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na katika uwanda huu maji ya sufuria huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Mfuniko huyabana maji kwa presha ili yavumilie joto kubwa zaidi bila kuchemka. Mpira wake ukichoka, gari laweza kuchemsha ingawa pampu ni nzima.

Tumhoji mgonjwa kwanza

Muuguzi hamwambii daktari kwamba mgonjwa anatokwa damu akaishia hapo. Husema ni kiasi gani na tangu lini. Basi tuchukue daftari la shule lililobaki kurasa, tulifanye kadi ya kliniki ya gari. Kila asubuhi, injini ikiwa baridi, tutazame chupa ya akiba ya maji na kuandika tarehe, kilometa na kiasi kilichopungua. Tuandike pia kama geji ya joto hupanda, kama kuna mlio wa kukwaruza mbele ya injini, na kama moshi mweupe hutoka. Wiki moja ya kadi hiyo humsaidia fundi kuliko maneno mengi.

Usiku tutandike boksi lililokunjuliwa chini ya injini. Maji safi yasiyo na rangi wala harufu, baada ya kuwasha kiyoyozi, ni ya kawaida wala yasitutie hofu. Maji ya kijani, mekundu au ya waridi yenye utelezi ni kulanti, na pale yalipodondokea hutuonyesha pa kuanzia.

Kulipokucha, tuwashe tochi kabla injini haijawashwa. Tutazame mipira ya maji na klipu zake, maungio ya rejeta, na upande wa mikanda iliko pampu. Penye magamba meupe au ya rangi ya kulanti, maji yamepita hapo yakakauka.

Chini ya mhimili wa pampu kuna tundu dogo. Wengine hudhani limetobolewa na kutu, kumbe limewekwa makusudi na watengenezaji, ili maji yakiipita sili yatoke nje badala ya kuingia kwenye beringi. Alama kavu ya zamani hapo si hukumu. Lakini matone yanayoendelea maana yake sili imekwisha. Kisha, injini ikiwa imezimwa na ufunguo uko mkononi mwetu, fundi alegeze mkanda na kuitikisa puli ya pampu. Ikicheza, beringi imechoka.

Kipimo cha mwisho ni presha. Fundi hufunga kipimo kwenye mdomo wa rejeta iliyopoa, hupiga presha isiyozidi ile iliyoandikwa kwenye mfuniko, halafu husubiri. Sindano ikishuka, maji yanatoka mahali. Pasipoonekana tone nje, tuangalie zulia la ndani kama lina unyevu. Tena tuangalie oili. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, au rejeta ikitoa mapovu mfululizo injini inapozunguka, huenda gasketi ya silinda hedi imeungua. Hapo pampu mpya haitasaidia kitu.

Pampu iliyosingiziwa

Gari tunalolitumia kwenda vijijini kupima watoto lilianza kupungukiwa lita moja kwa wiki. Gereji moja ilitutajia pampu mpya bila hata kufungua boneti vizuri. Tulikuwa na kadi yetu, tukaomba kipimo cha presha. Sindano ilishuka, na maji yakaonekana yakichuruzika kwenye mpira wa chini ulioachia klipu. Tulilipia klipu moja na ujira mdogo.

Baada ya miezi kadhaa kadi ikaonyesha upungufu tena. Safari hii matone yalitoka kwenye lile tundu dogo, na puli ilicheza mkononi. Hatukubishana na mtu. Safari ya kijijini iliahirishwa na pampu ikaagizwa. Kipimo kile kile kilichotuokoa na gharama ya bure ndicho kilichotuamuru kutoa fedha.

Tubadilishe au tungoje?

Hapa ndipo mama mshika mfuko huulizwa. Ushauri wetu ni huu. Kama tatizo ni mpira, klipu au mfuniko, litengenezwe hilo, pampu iachwe. Kama tundu linadondosha mfululizo, au puli inacheza, au beringi inalia, pampu ibadilishwe. Ikiwa ni matone machache, puli haichezi na geji imetulia, gari laweza kupelekwa polepole kwa fundi wa karibu, likiwa na maji ya akiba. Lisipelekwe Kigoma wala lisibebe mgonjwa. Puli ikicheza, lisitembee kabisa, maana kwenye magari ambayo feni imefungwa kwenye pampu, mhimili ukikatika feni hupiga rejeta. Na sindano ya joto ikipanda, lizimwe papo hapo.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Pampu ikifa njiani, injini huungua, kichwa chake hupinda, na gharama huwa mara nyingi zaidi ya ile pampu.

Tuulize pia pampu inazungushwa na nini. Probox na IST nyingi zenye injini ya 1NZ huizungusha kwa mkanda wa nje, na kazi yake si kubwa sana. Baadhi ya injini za zamani, kama 3S ya Toyota, huizungusha kwa mkanda wa taimingi ulioko ndani. Huko ni busara kubadilisha mkanda huo pamoja na pampu, maana ujira wa kufungua ni ule ule. Kufungua mara mbili ni kulipa mara mbili.

Pampu ya mtumba hatuishauri, kwa kuwa sili yake nayo imeshatumika. Pampu mpya iletwe pamoja na gasketi yake. Tudai risiti na tudai turudishiwe pampu ya zamani, tuione kwa macho yetu. Spea hutufikia kutoka mjini kwa basi au treni, basi iagizwe wakati gari bado linatembea, isingojewe likiwa limelala uani. Wenzetu wa tumbaku wanajua kwamba fedha huja kwa msimu. Fedha hizo zinapoingia, tutenge fungu la gari kabla hazijagawanyika.

Watu wengine humimina yai au manjano kwenye rejeta ili kuziba. Vitu hivyo huweza kuziba vijia vyembamba vya rejeta pia, nasi tukabaki na magonjwa mawili. Maji ya kisima yenye chumvi nayo huacha ukoko ndani. Tutumie kulanti iliyochanganywa kama kibandiko kinavyoagiza, kwa maji yaliyosafishwa. Ikibidi kuongeza maji njiani, ya mvua yaliyochujwa ni afadhali kuliko ya kisima. Msidhani kulanti ni ya nchi za barafu tu. Huzuia kutu, huchelewesha kuchemka na huitunza sili ya pampu.

Maonyo ya muuguzi

Mfuniko wa rejeta yenye moto usifunguliwe kamwe. Maji yaliyobanwa hurukia uso na kifua. Tungoje nusu saa au zaidi, mpaka mpira wa juu uwe baridi mkononi, kisha tufungue taratibu kwa kitambaa kinene. Wala maji baridi yasimwagwe kwenye injini inayounguza, kwani vyuma hupasuka.

Mtu akiungua, tuvue pete na nguo zisizoganda mwilini, tupoze jeraha kwa maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20, tufunike kwa kitambaa safi na kumpeleka kituo cha afya. Tusipake dawa ya meno, yai wala mafuta ya kupikia. Asali yetu ya miombo ni nzuri, lakini isipakwe nyumbani mahali pa kupoza na kutibiwa. Aliyeungua usoni au machoni, na mtoto yeyote, asicheleweshwe.

La mwisho ni kulanti yenyewe. Kulanti nyingi zina kemikali iitwayo ethilini glikoli, yenye ladha tamu, na kiasi kidogo tu chaweza kuharibu figo za mtoto. Tusiihifadhi kamwe katika chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Iliyomwagika uani ioshwe kwa maji mengi, kuku na mbwa wasije wakainywa. Mtoto akiinywa, tusimtapishe. Tumkimbize hospitali tukiwa na chombo chake, hata kama bado anacheza, kwa sababu madhara huchelewa kuonekana.

Akina mama, Jumamosi hii, kabla gari halijawashwa, tuwaombe waume zetu watufungulie boneti. Tusiende kugombana nao, twende na tochi na daftari. Watoto wakubwa waje pia, wajifunze lilipo tundu lile dogo. Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutarudi kwenye chanjo za watoto.