Mbwa wafunzwe kutembea na kamba



Natoa maoni yangu kuhusu mbwa wanaotembezwa jioni hapa mjini. Mtu hushika kamba, lakini anayeongoza safari ni mbwa. Watoto hutawanyika, na mama mwenye mzigo kichwani hulazimika kukimbilia upande wa pili wa barabara penye magari.

Wenye mbwa hujibu kwamba mnyama huyo ni mkali, ndivyo alivyo. Mimi nimefuga mbwa miaka mingi na sikubaliani nao. Mbwa huvuta kwa sababu akivuta, bwana wake humfuata, naye hufika anakotaka. Dawa ni kumwondolea faida hiyo. Kamba ikikaza, simama kimya, usimvute wala usimpige. Akigeuka kamba ikalegea, msifu, mpe dagaa mmoja karibu na goti lako, kisha endeleeni. Siku ya kwanza pengine hamtafika hata langoni. Haidhuru. Dakika 10 kila siku, kwanza ndani ya ua, zinatosha, mradi watu wote wa nyumbani wafuate utaratibu mmoja. Baba akisimama na mtoto akakubali kuburutwa, mbwa ataendelea kuvuta.

Jambo linaloniudhi zaidi ni kumkabidhi kijana wa kazi mbwa mkubwa bila kumwonyesha lolote. Mbwa akimponyoka na kumwuma mpita njia, lawama zote humwangukia kijana. Tajiri ndiye aliyepaswa kumfunza mbwa, na kijana pia.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya starehe ya wenye nacho. Sivyo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mara huua, na walio wengi sana huambukizwa na mbwa. Kwa hiyo chanjo kwanza, ndipo kamba. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama mwenye mbwa anaapa kuwa mbwa wake ni mzima.

Naziomba halmashauri zetu ziwaagize mabwana mifugo, siku za chanjo, wawaonyeshe wenye mbwa namna ya kushika kamba. Siku hiyo watu huwa wamekusanyika tayari, kila mmoja na mbwa wake.

Mfuga Mbwa,
Moshi.