Simu ya Baba si Simu ya Nyumba

Kabambare na Kasongo, jimboni Maniema, Kongo, kauli hii hutoka kwa mtu mzima, mwenye heshima zake, wala hatanii: "Mama watoto anataka simu ya nini? Yangu si ipo? Ni ya nyumba." Wapo wanaodai pia kwamba mke akishika simu anaharibika. Huo ni wivu, haustahili wino. Hii ya kwanza ndiyo yenye sumu, maana inajifanya ukarimu.

Hiyo simu ya nyumba inalala wapi? Baba akienda Salamabila kutafuta dhahabu, inaondoka naye, na huko atakaa hata mwezi. Mtoto akipatwa na degedege usiku, mama atabisha mlango wa jirani. Baba akirudi, namba ya siri ya M-Pesa bado anayo yeye peke yake. Mama ameuza mchele wake, mteja wa Kindu analipa kwa simu, pesa zinaingia kwa mume. Kesho yake mwenye mchele anaomba jasho lake mwenyewe, kwa sauti ya chini, na anaulizwa ni za kununulia nini.

Kanuni ya Familia ya Kongo ya mwaka 1987, kifungu cha 448, ilimtaka mwanamke aliyeolewa apate kwanza ruhusa ya mumewe kwa kila tendo la kisheria linalomfunga kutimiza jambo yeye mwenyewe. Ilichukua karibu miaka 30 kuiondoa, kwa sheria namba 16/008 ya Julai 15, 2016. Kwa hiyo leo sheria haimtaki tena mke wa Kabambare aombe ruhusa ya mume, inawataka wote wawili wapatane, ila franga za mchele wake hazigusi mpaka mume abonyeze. Ruhusa iliyofutwa Kinshasa imerudi kwa namba ya siri, na hakuna mbunge aliyeipigia kura.

Takwimu nazo zinawasitiri wanaume. ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, lilikadiria kuwa mwaka 2024 asilimia 70 ya wanaume duniani walitumia intaneti, na wanawake 65. Pengo dogo, utasema. Lakini kipimo hicho hakiulizi kifaa ni cha nani. Aliyeazimwa simu dakika kumi, mume amekaa pembeni akichungulia, anahesabiwa sawa na mwenye simu.

Nitaambiwa hali ni ngumu, rezo yenyewe ya kutafuta juu ya kilima, pesa ya simu mbili itoke wapi? Sawa. Lakini baba huyohuyo akinunua simu ya kioo, ile ya vitufe humpa mdogo wake, au huiuza. Hapo umaskini haumo.

Mwenye nia njema aanzie hapo: ile ya vitufe abaki nayo mama. Laini isajiliwe kwa kadi yake mwenyewe ya mchaguzi, ile aliyoipigia foleni kabla ya uchaguzi wa 2023. Namba ya siri aichague yeye, na baba asiijue.