Yaacheni majani ya dafodili

Makala nzuri, ila mwandishi amepita haraka mno kwenye majani. Huku Uingereza, dafodili zikishanyauka Aprili, watu hufyeka kila kitu. Wengine huyafunga majani mafundo eti bustani ipendeze. Yaacheni yalegee na kugeuka manjano yenyewe, wiki sita hivi. Ndiyo yanayolisha kitunguu cha dafodili kilicho ardhini kwa ajili ya maua ya mwakani. Tulipu mimi huzipanda Novemba, kina cha sentimita 15 au zaidi, maana kindi wa hapa hawana adabu. Dafodili hawazigusi, zina sumu. Na mnaouliza kuhusu kupanda tulipu Dar es Salaam: kitunguu cha tulipu hutaka baridi ya wiki 12 au zaidi, na huko baridi hiyo hakuna. Ninyi pandeni asumini, harufu ile tulipu hazina.